Tusipake Chokaa Kaburi la Jacques Brel

Mwezi wa kumi ukifika, sisi wachache tuliopenda nyimbo za Jacques Brel hukutana jioni moja, tukatoa sahani zetu za gramafoni, tukasikiliza. Si misa, wala si kilio cha kweli, kwa maana hatukumjua mtu huyu kwa uso, naye hakutujua. Lakini alikufa tarehe 9 ya mwezi wa kumi, mwaka 1978, na tangu siku ile moyo wetu huikumbuka tarehe hii bila kuambiwa. Mwaka jana mama mmoja wa parokia, aliyekuja kumfuata mumewe, aliketi pamoja nasi mpaka mwisho. Alipokuwa akitoka alituuliza swali moja: «Ninyi Wakristu, mbona mnamlilia mtu aliyetucheka?»

Hatukumjibu vema siku ile. Tulisema haraka haraka kwamba Brel alikuwa mtu mwema moyoni, kwamba mwisho wake ulikuwa mzuri, kwamba alikuwa rafiki wa masista. Mama yule alitabasamu, akaaga, akaenda zake. Tumefikiri sana tangu hapo, na leo twaona kwamba jibu letu lilikuwa baya, tena lilimkosea marehemu heshima kuliko swali lenyewe. Makala haya ni jibu la pili.

Kila aliyekwenda kwenye kilio ajua jambo hili: mtu akiisha kufa huwa mwema ghafula. Ulevi wake waitwa uchangamfu, ukali wake waitwa msimamo, na ubahili wake waitwa busara. Twafanya hivyo kwa huruma, wala si vibaya mbele ya mjane na watoto. Lakini fundi wa nyimbo si kama marehemu wengine. Yeye ameacha kazi, na kazi ile yasema bado. Ukimpamba kwa maneno matamu, huku sahani yake yasema kinyume, mmoja kati yenu amekuwa mwongo, na si yeye. Bwana wetu alitaja makaburi yaliyopakwa chokaa, meupe kwa nje. Sisi wapenzi wa waimbaji ni mafundi wakubwa wa chokaa hiyo. Na Brel, kuliko waimbaji wote tuliowasikia, aliichukia chokaa. Aliimba mara nyingi juu ya mauti na juu ya wale wanaobaki, tena hakuwapaka rangi, wala aliyekufa wala waliaji.

Tuseme kwanza mtu huyu alitoka wapi. Alizaliwa tarehe 8 ya mwezi wa nne, mwaka 1929, katika Schaerbeek, pale Bruxelles, nchini Ubelgiji. Baba yake, Romain Brel, alikuwa amefanya kazi ya biashara huku kwetu Kongo kwa miaka mingi kabla ya mtoto huyu kuzaliwa. Aliporudi kwao aliingia katika kiwanda cha katoni. Kijana alisomeshwa katika shule ya Kikatoliki, lakini masomo hayakumpendeza, akawekwa kiwandani kwa baba. Hebu mwoneni: kijana wa miaka 18 katikati ya katoni, na kichwani nyimbo tu.

Mlango wake wa kutokea ulikuwa chama cha vijana Wakatoliki, kilichoitwa La Franche Cordée. Aliingia humo mwaka 1947, na baadaye akawa kiongozi wao. Humo aliimba, humo alicheza michezo ya jukwaa, humo alimpata Thérèse Michielsen, ambaye wote walimwita Miche, wakafunga ndoa mwaka 1950. Basi, msomaji mpenzi, kabla ya kusema kwamba Brel alikuwa adui wa nje, kumbuka kwamba alikuwa mtoto wa nyumbani. Alijua harufu ya ubani. Alipotucheka baadaye, alicheka kama mtoto acheke mashangazi zake: kwa kuwa awajua sana.

Mwaka 1953 alikwenda Paris kutafuta kazi ya kuimba. Nyimbo zake za kwanza zilikuwa za mahubiri: upendo, wema, imani, mapambazuko. Georges Brassens, mwimbaji mkubwa wa Wafaransa, alimpachika jina la mzaha, «abbé Brel», yaani padri Brel. Shuleni kwetu, wakati ule nchi yetu ikiitwa Zaire, padri mmoja alikuwa na sahani zake. Alituruhusu kusikiliza zile za mwanzo siku za Jumapili, baada ya chakula. Nyingine alizifungia kabatini. Sisi, kama watoto wote wa dunia, tukajua ni zipi zilizo tamu.

Lakini hapa tukiri jambo. Padri yule alidhani kwamba anatupa nyimbo njema na kutuficha mbaya. Kwa habari ya ufundi, alikuwa amepindua meza. Nyimbo za abbé Brel ni dhaifu nyingi. Ule ulio bora, «Quand on n'a que l'amour», wa mwaka 1956, ulimpatia tuzo ya Académie Charles Cros mwaka 1957, na hata leo waimbwa harusini na mazikoni. Muziki wake wapanda kama mtu apandaye mlima: waanza chini, karibu kunong'ona, kila ubeti waongeza nguvu kidogo, mpaka mwishoni sauti yajaza nyumba nzima. Huo ni ufundi wa kweli, hatuupunguzi. Lakini tafuta ndani yake mtu mmoja, mwenye jina, mwenye uso, mwenye mguu unaouma. Hayupo. Kuna upendo tu, mkubwa kama mbingu, usio na mtu wa kupendwa. Miaka michache baadaye nyimbo zake zimejaa majina: Émile, Antoine, Mathilde, Madeleine, Jef, Fernand, Jojo. Hapo ndipo Brel alipoanza. Mahubiri yalipungua, na jirani akaonekana.

Ndiyo, jirani alipoonekana, alionekana pamoja na chongo lake. Mwaka 1959 alitoa «La Dame patronnesse». Ni habari za mama tajiri wa parokia awafumiaye maskini nguo za sufu. Wimbo waenda kwa mwendo wa mtu anayehesabu mishono. Mama huyu anafanya hivi kwa namna ambayo kila mtu kanisani atajua maskini hawa ni wake yeye, si wa mwingine. Tulipousikia mara ya kwanza tulicheka mpaka machozi, kisha tukaangaliana, kwa maana kila mmoja wetu alimjua mama wa namna hiyo. Je, hii ni dharau kwa dini? Someni tena Injili ya Matayo, pale Bwana anaposema kwamba mkono wa kushoto usijue afanyalo mkono wa kuume. Wimbo huu ni mafafanuzi ya maneno hayo, tena mafafanuzi makali ambayo mhubiri hangethubutu kuyatoa mbele ya wafadhili wake. Tungekuwa na haki, tungeusikiliza kabla ya kila mchango.

Lakini tusije tukatumia wimbo huu kuziokoa nyimbo nyingine. «Les Bigotes», wa miaka ya mwanzo ya 1960, ni jambo tofauti. Humo anawacheka wanawake wazee wa sala nyingi, waliovaa nyeusi, wanaozeeka katika kivuli cha kanisa. Hapa hakuna mwenye kujionyesha anayeumbuliwa; kuna wanawake wapweke tu, na mwanaume kijana anayewaiga kwa sauti ya pua. La kushangaza ni kwamba karibu wakati uleule, mwaka 1963, alitoa «Les Vieux», wimbo wa wazee wawili nyumbani, na saa ya ukutani inayowahesabia siku. Ni wimbo wa huruma kubwa, na mwendo wa saa ile hutamsahau. Mtu yuleyule, mwaka karibu uleule! Wazee wa chumbani aliwahurumia, wazee wa kanisani aliwadhihaki. Tena nyimbo zake nyingi zimewakosea wanawake. Anawalilia, anawaogopa, anawatukana. Kuwasikiliza ni nadra. Mama yule aliyetuuliza swali alikuwa na haki zaidi kuliko tulivyodhani, maana alikuwa amechekwa mara mbili, kama Mkristu na kama mwanamke.

Tuje sasa kwenye nyimbo zake za mauti, kwa maana hizo zatufundisha namna ya kumlilia.

Mwaka 1961 aliimba «Le Moribond», yaani anayekufa. Mtu yupo kitandani, anaaga. Anamwaga rafiki yake Émile. Anamwaga padri wa parokia, kwa heshima, kama watu wawili wasiokuwa wa upande mmoja lakini waliopendana. Anamwaga Antoine, na hapo sauti yabadilika: Antoine hakumpenda kamwe, kwa sababu Antoine ni hawara wa mkewe, na sasa atabaki hai na mzima. Mwisho anamwaga mkewe, akichezea neno la kufumba macho, maana alikuwa amefumba macho mara nyingi kabla ya siku hii ya kuyafumba kabisa. Muziki je? Ni wa haraka, kama wa askari wanaotembea kwa furaha. Anataka watu wacheke na kucheza watakapomshusha shimoni. Furaha hii si ya mtu asiyeumia. Ni ya mtu anayeumia, anayejua kila kitu, naye hataki kumdanganya mtu katika saa ya mwisho.

Wimbo huu uliwekwa katika Kiingereza na Mmarekani Rod McKuen, na mwaka 1974 Terry Jacks, mwimbaji wa Kanada, aliufanya ujulikane duniani kote kwa jina la «Seasons in the Sun». Wengi wenu mmeusikia redioni bila kujua ni mtoto wa nani. Sasa angalieni fundi wa chokaa afanyavyo kazi. Padri ameondolewa, mahali pake amewekwa baba mzazi. Antoine ametoweka. Mke mwenye hawara naye ametoweka. Yupo Michelle, msichana mdogo asiye na doa. Mwendo wa askari umekuwa mwendo wa kubembeleza mtoto. Hakuna tena aliyemkosea mtu. Watu wote walipendana, jua liliwaka, na bahati mbaya mmoja anakufa. Ni wimbo mtamu. Mamilioni ya watu walilia nao, wala hatuwacheki, kwa maana machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini mtu wa «Le Moribond» aliuawa humo mara ya pili, akazikwa mwingine badala yake, aliye safi zaidi. Ndivyo tulivyofanya sisi mlangoni, tulipomjibu mama yule.

Mwaka 1964 aliongeza «Le Tango funèbre». Anayekufa anawaona kwa fikira wale watakaokuja kwake: wanavyofuta pua, wanavyokaza uso, wanavyofungua makabati yake na kuzisoma barua zake za mapenzi. Ni tango kwa kweli, ngoma ya kuchezwa, naye anaiimba akicheka kwa meno. Tukumbuke makabati haya, tutarudi kwayo.

Lakini kama ungetuambia tuchague mmoja tu, tungechukua «Fernand», wa mwaka 1965. Rafiki amekufa. Gari la maiti lakata mji wa Paris, na nyuma yake anatembea mtu mmoja peke yake. Basi. Hakuna hadithi nyingine. Brel anachezea neno moja la Kifaransa ambalo maana yake ni pombe tena ni jeneza, na sisi wa Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa sana, kwa maana kwetu matanga ni ya mashua, tena matanga ni ya kilio. Muziki watembea polepole kama magurudumu juu ya mawe. Anayetembea hamsifu Fernand. Angalieni vema: katika wimbo mzima hatuambiwi kwamba Fernand alikuwa mkarimu, au mcha Mungu, au hodari. Hatujui hata alifanya kazi gani. Twajua kwamba yupo mbele, na rafiki yupo nyuma, na nafasi iliyo kati yao haitapungua tena. Kisha mtu huyu anamgeukia Mungu na kumwambia maneno magumu, karibu ya kumlaumu. Wapo watakaosema ni kufuru. Sisi twasema, someni Zaburi, someni kitabu cha Yobu. Mwenye kulalamika mbele ya Mungu angali anasema naye.

Kuhusu jukwaa tutasema kidogo, ingawa waliomwona huko hawachoki kusimulia. Alitoka jasho kama mkata kuni. Alipiga mikono hewani. Na wimbo wa mwisho ukiisha, hakurudi, hata watu wakipiga makofi nusu saa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Brel alisifiwa, akaogopa maji, akaacha kugema. Mwaka 1966 aliaga katika ukumbi wa Olympia mjini Paris, akamaliza mapatano yaliyobaki, na tarehe 16 ya mwezi wa tano, mwaka 1967, katika mji wa Roubaix, aliimba mbele ya watu katika safari yake ya mwisho ya nyimbo. Alikuwa na miaka 38. Aliona ustadi umeanza kushika nafasi ya ile njaa ya kwanza. Ni waimbaji wangapi waliothubutu?

Yaliyofuata mnayajua kidogo. Aliigiza katika filamu, akarusha ndege, akanunua mashua ya matanga. Mwaka 1974 rafiki yake mkubwa, Georges Pasquier, aliyeitwa Jojo, alikufa. Na mwaka uleule waganga waliona kansa katika mapafu ya Brel mwenyewe, wakamkata sehemu ya pafu. Hata hivyo alivuka bahari, akafika visiwa vya Marquises, katika bahari ya Pasifiki, nchi iliyo chini ya Ufaransa, akakaa Atuona katika kisiwa cha Hiva Oa. Huko alinunua ndege ndogo, akaiita Jojo kwa jina la rafiki yake, akapeleka barua na wagonjwa kati ya visiwa na Tahiti, mwendo wa kilomita zaidi ya elfu moja juu ya maji matupu. Aliwaonyesha watu wa kijiji sinema. Alikuwa rafiki wa masista walioendesha shule ya wasichana.

Habari hii ndiyo chokaa yetu tuliyoipenda kuliko zote. Tuliitoa mbele ya mama yule kama mtu atoaye cheti cha ubatizo: tazama, aliwacheka wanawake wa kanisa, lakini mwishoni alikunywa kahawa na masista! Habari ni ya kweli. Ubaya ni matumizi yake. Kwanza, tukianza kuhesabu mwenendo wake wa visiwani, tuhesabu wote: alikuwa bado mume wa Miche, mama wa binti zake watatu, na huko aliishi na mwanamke mwingine, Maddly Bamy. Tena urafiki wake na masista haukubadilisha neno hata moja katika «Les Bigotes». Hakuufuta wimbo ule. Katika sahani yake ya mwisho umo wimbo uitwao «Le Bon Dieu», na si wimbo wa mtu aliyerudi kundini. Wagonjwa wale aliwabeba bila kutuomba sisi tumhesabie, na roho yake i mikononi mwa Mungu, si katika makala ya gazeti.

Sahani ile ilitoka tarehe 17 ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 1977. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameiagiza kabla ya kusikia hata noti moja. Juu ya jalada hakuna picha ya uso wake; kuna mbingu ya bluu, mawingu, na jina BREL. Mwaka mmoja haukupita akafa, katika hospitali ya Bobigny karibu na Paris, miaka 49, damu iliyoganda ikiwa imeziba mshipa wa mapafu. Walimrudisha Atuona, wakamzika mbali kidogo tu na kaburi la mchoraji Gauguin. Sisi tulipata habari kwa redio, darasani, na mwalimu wetu alizima redio akakaa kimya mpaka kengele.

Tangu hapo sahani ya bluu imekuwa kwa wapenzi wake kama wosia, na wosia hausahihishwi. Hili nalo ni kosa. Ni sahani isiyo sawa. «Les F...» ni tusi kwa Waflandria, ndugu zake wa damu, nalo tusi limechacha. Moja mbili nyingine ni mizaha ya chumbani kwa wanaume. Lakini «Orly», wimbo wa wapenzi wawili wanaoachana katika uwanja wa ndege, katikati ya umati usiowaona. Na «Jaurès», anapowakumbuka wafanyakazi waliochakaa kabla hawajawa wazee, na kuuliza juu ya kuuawa kwa mtetezi wao mwaka 1914. Na «Les Marquises», ambamo kisiwa chaenda polepole kama watu wake: hizi ni nyimbo za mtu aliyefika juu kabisa ya kazi yake. Sauti imeshuka. Pumzi yasikika. Hakuficha.

Tena umo «Jojo». Gitaa, karibu peke yake, na mtu anayesema usiku na rafiki aliye chini ya udongo. Miaka 12 imepita tangu «Fernand», na tofauti ni kubwa. Fernand alikuwa mbele, ndani ya gari, haongeleki. Jojo yumo chumbani. Wanacheka mambo yao ya zamani, wanataja watu wao, wanachoka pamoja. Wala hapa hakuna sifa. Hakuna neno la «alikuwa mtu mwema». Kuna mazungumzo tu yaliyokataa kukatika, na anayeongea anajua kwamba mgonjwa sasa ni yeye. Sisi ambao kila mwezi wa kumi twajitafutia maneno ya kumsifu Brel, twapaswa kuona haya mbele ya wimbo huu. Yeye hakumwambia Jojo kwamba alikuwa bora. Alimwambia kwamba bado wapo pamoja.

Limebaki jambo la makabati. Mwaka ule wa 1977 nyimbo tano ziliwekwa kando. Brel aliona hazijakamilika, hakuzitoa. Mwaka 2003, miaka 25 baada ya kifo chake, zilitolewa, na wapenzi wakazinunua. Tulizinunua na sisi. Tulijitetea kwa kusema kwamba ni mali ya historia, kwamba hata barua za watakatifu husomwa. Usiku ule tulizisikiliza zote. «La Cathédrale» ni nzuri sana, twasema kweli: kanisa kubwa lafanywa merikebu, lapewa matanga, lasafiri baharini. Wala hatukuweza kuzisikiliza bila kukumbuka tango lile la mwaka 1964, na wale watu wanaofungua kabati la maiti huku wakifuta pua. Alikuwa ametuona miaka 39 kabla. Kati yetu yumo mmoja aliyesema tuzirudishe dukani; mwingine akasema, mkizirudisha mtasahau mlichosikia? Hatukuafikiana, na mpaka leo hatujaafikiana. Sahani ile ipo, twaiweka mara chache.

Mwezi wa kumi hauko mbali. Mama yule ametuma neno kwa mumewe kwamba atakuja tena. Tumekubaliana kwamba safari hii hatutaanza na wimbo wa upendo mkubwa, wala hatutamtajia masista. Tutaweka «La Dame patronnesse», kisha «Les Bigotes», yote, mpaka mwisho, naye akiwa ameketi kwenye kiti kilicho karibu na gramafoni. Akitaka kuondoka baada ya hapo, mlango u wazi, tutamsindikiza. Akibaki, tutaweka «Fernand».